Ukuta Usio na Chokaa: Safari ya Familia Migori na Homa Bay

Kenya ina maeneo matano ya kitamaduni yaliyoandikwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Manne yako hapa kwetu Pwani: Mji wa Kale wa Lamu, ulioandikwa mwaka 2001, misitu ya kaya za Wamijikenda, mwaka 2008, Fort Jesus ya Mombasa, mwaka 2011, na magofu ya Gedi, mwaka 2024. Watoto wetu hupelekwa huko na walimu wao, hupigwa picha mbele ya malango, na hurudi nyumbani wakijua kwamba wao ni wana wa watu waliojenga.

La tano liko upande wa pili wa nchi, katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania na si mbali na Ziwa Viktoria. Linaitwa Thimlich Ohinga. Ni boma la kale la mawe, na liliandikwa katika orodha hiyo mwaka 2018, kwenye kikao kilichofanyika Manama, Bahrain, chini ya uenyekiti wa mwanasheria wa nchi hiyo, Sheikha Haya Rashed Al Khalifa. Heshima hiyo ililifikia miaka sita kabla ya kuifikia Gedi yetu, tena katika mji wa Kiislamu na chini ya uongozi wa mwanamke. Walakini ukiuliza katika mitaa yetu, ni wachache waliolisikia jina lake, na wachache zaidi wanaoweza kulitamka.

Mpenzi msomaji, sababu ya ujinga huu si umbali peke yake. Sisi watu wa Pwani tumelelewa na fahari ya mawe. Babu zetu walichonga matumbawe, wakachoma chokaa, wakaezeka kwa boriti, na kwa nyumba hizo tukajihesabu waungwana. Huko bara, tuliambiwa, watu walikaa katika nyumba za udongo na nyasi ambazo hazikuacha alama. Hakuna aliyetufundisha maneno hayo darasani. Tuliyaokota barazani, na watoto wetu sasa wanayaokota kwetu.

Katika nyumba nyingi siku hizi maneno hayo yana gharama. Yuko kijana, mara nyingi binti, aliyesomea ualimu au uuguzi akapata kazi bara. Habari inapofika, furaha ya ajira huchanganyika na hofu: ataishi na nani, atakula nini, ataswali wapi? Katika ukoo wetu binti huyo ni mpwa wangu, muuguzi katika zahanati moja nje ya mji wa Migori. Bibi yake, mama mzaa baba, alikuwa amemtaka aandike barua ya kuacha kazi, na barua ilikuwa imekwisha andikwa. Binti aliomba jambo moja tu: kabla hajaipeleka, Bibi aje aone kwa macho yake. Basi likizo ya Agosti tulifunga mizigo, watu sita, tukaenda kuona.

Njia ya kwenda

Safari ya kutoka Mombasa ni ya siku mbili kwa familia isiyotaka kuchoka. Siku ya kwanza tulipanda gari la moshi hadi Nairobi na kulala kwa jamaa. Siku ya pili tulipanda basi la asubuhi lililoshuka Bonde la Ufa, likapita Narok, likapanda hadi Kisii, nchi ya migomba na majani chai, ambako vilima vimelimwa hadi kileleni. Kuanzia hapo barabara huteremka kuelekea kusini, ikipita Rongo na mashamba ya miwa ya Awendo, mpaka Migori.

Migori ni mji wa njiani uliojifunza kutulia. Umekaa juu ya vilima viwili vitatu, mto wenye jina lake ukipita chini na kuendelea kukutana na mto Kuja, ambao humwaga maji yake ziwani. Mchana barabara kuu hujaa pikipiki, malori ya miwa na wauzaji wa mitumba. Jua likizama, mji hunyamaza, na hewa hupoa kwa namna inayomfanya mtu wa Mombasa atafute shali. Kwa mwendo wa kama kilomita 20 hivi kusini uko Isebania, mji wa mpakani; ukivuka hatua chache uko Sirari, Tanzania, na barabara hiyo hiyo huendelea hadi Tarime na Musoma. Wakuria wanaishi pande zote mbili za mpaka. Kijana wetu wa darasa la saba alimwona mama mmoja aliyetoka upande wa Tanzania na tenga la ndizi kichwani, akauliza kama ameingia nchi ya kigeni. Jibu sahihi ni kwamba nchi imebadilika, shangazi zake hawakubadilika.

Na lugha yetu? Hapo Bibi ndipo aliposhangaa mara ya kwanza. Mjini wamo Waluo, Wakuria, Wasuba, Waluhya, Wakisii na Wasomali. Na mpakani ni Kiswahili kinachowapatanisha sokoni. Aliyemuuzia Bibi kanga alimpa bei, akamsifia mtandio wake na kumwombea safari njema, yote kwa Kiswahili kisichokuwa na neno moja la Kiingereza. Bibi alinunua doti mbili bila kuteta bei, jambo ambalo nyumbani halijapata kutokea.

Ziko pia alama ndogo zinazomkumbusha Mwislamu kwamba amesafiri. Jua la Migori huzama baada ya la Mombasa kwa kama dakika 20, kwa hiyo ratiba ya swala iliyobandikwa jikoni kwetu haifai huko. Adhana hufuata mbingu ya mahali. Kibla nacho husogea. Hapa Mombasa tunaelekea kaskazini karibu moja kwa moja, kwa kuwa Makka iko juu yetu katika mstari mmoja. Huko Migori, kwa sababu umekwenda magharibi, kibla huegemea kidogo upande wa mashariki. Binti wetu mdogo alilipenda jambo hili kuliko yote aliyoyaona siku ile: watu wawili mbalimbali, kila mmoja amegeuka kidogo kwa namna yake, na wote wanaelekea nyumba moja.

Boma katika msitu wa kutisha

Thimlich Ohinga iko kama kilomita 46 kaskazini magharibi ya mji wa Migori. Sehemu ya mwisho ya njia ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Njiani ni mashamba ya mahindi na mtama, ng'ombe wenye kengele, na mawe. Mawe kila mahali, yametapakaa juu ya ardhi kama kwamba yalimwagwa. Ukiyatazama hayo ndipo unapoanza kuelewa: waliojenga hawakuchimba machimbo, waliyainua yaliyokuwa miguuni pao.

Jina ni la Kidholuo. Thim ni msitu au pori, lich ni la kutisha, na ohinga ni boma au ngome. Hata leo miti imeyazunguka magofu, mingine ya utomvu mweupe yenye matawi yaliyosimama kama kinara cha mishumaa, na ndege hawanyamazi. Kisha, kati ya miti, ukuta.

Kuta hizi zina urefu wa kwenda juu wa kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa kati ya mita 1 na 3. Zimejipinda kama mto, hazina pembe. Na ndani yake, kuanzia msingi hadi kileleni, hamna chokaa, wala udongo wa kushikizia, wala jiwe lililochongwa. Wajenzi walisimamisha ukuta wa nje na ukuta wa ndani kwa mawe makubwa yaliyochaguliwa moja moja na kupangwa yakaumana. Kisha nafasi ya katikati wakaishindilia kwa mawe madogo. Ukuta wa nje humwegemea wa kati, wa kati humwegemea wa ndani. Mahali palipohitaji nguvu zaidi, waliongeza egemeo la mawe ubavuni. Wataalamu wanakadiria kwamba ujenzi ulifanyika yapata karne ya 16, zama ambazo Mombasa ilikuwa ikipigana na Wareno. Kuta zile bado zimesimama.

Maboma makubwa ni manne, nayo yana majina: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kochieng ndilo kubwa na ndilo wageni wanaloingia kwanza. Mlango wake ni mwembamba na mfupi, umefunikwa juu kwa mabamba marefu ya mawe. Hakuna mtu mzima anayepita humo amesimama wima. Kiongozi alitueleza kwamba ndiyo makusudi yake: adui hawezi kuingia mbio, wala na mkuki ulioinuliwa; huingia mmoja mmoja, ameinamisha kichwa, na walio ndani wamemwona kabla hajawaona. Bibi, ambaye magoti yake yana miaka 70 na zaidi, alishika ukuta kwa mkono mmoja na mjukuu kwa mwingine, akainama, akapita akisema bismillahi. Alipojinyoosha upande wa pili alikaa kimya kwa muda, akitazama mduara wa mawe ulivyomzunguka. Kisha akauliza swali la mtu aliyezaliwa katika nyumba ya mawe: "Chokaa walitoa wapi?" Alipoambiwa hakuna, alirudi kuugusa ukuta kwa kiganja, akasugua kati ya jiwe na jiwe, akatazama vidole vyake. Vilikuwa vikavu.

Ndani ya maboma hayo kuna alama za maisha, si za vita peke yake. Kuna mazizi ya ng'ombe yaliyozungushiwa ukuta mdogo wake. Kuna viduara vilivyobonyea ardhini, ambapo zamani zilisimama nyumba. Nje ya ukuta pako mahali palipofuliwa chuma. Wachimbuaji walikuta vigae vya vyungu na mifupa ya ng'ombe, mbuzi, samaki na wanyama wa porini, maana yake watu hawa walifuga, walivua na waliwinda. Na juu ya mwamba mmoja yamechimbwa mashimo yaliyopangwa safu: bao, ambalo Waluo huliita ajua. Letu la Pwani lina safu nne, lao kwa kawaida lina mbili. Lakini kete ni kete, na ubishi wa wachezaji, nadhani, ni ule ule. Kijana wetu aliokota vijiwe akataka kuanza mchezo. Akakatazwa kwa upole: mwamba huu si wa kuchezewa tena.

Nyumba ya bibi

Wataalamu wanaeleza kwamba jamii mbalimbali ziliishi humu kwa kupokezana, na kila waliofika walikarabati kuta za waliotangulia. Waluo ndio waliokaa mwisho, hadi ndani ya karne ya 20, hofu ya mashambulizi ilipopungua, watu wakaanza kujenga nje, penye nafasi. Kwa hiyo ukitaka kujua boma lilivyoishi, tazama mpangilio wa mji wa Kiluo wa jadi, maana haukupotea. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, hukaa mahali pa heshima, ikilitazama lango kuu. Nyumba za wake wanaofuata hupangwa pembeni yake kwa utaratibu. Vijana wa kiume hujenga vibanda vyao karibu na lango, wawe walinzi.

Na iko nyumba nyingine, siwindhe, nyumba ya bibi. Humo wasichana walikwenda kulala na kufundwa: adabu, hadithi, vitendawili, namna ya kumtambua mtu kwa nasaba yake. Mpwa wangu alipolieleza hili, alikuwa akimtazama bibi yake. Sisi sote tumelelewa katika siwindhe, ijapokuwa hatukuliita hivyo. Yale mafunzo ya usiku, taa imepunguzwa, mkeka umetandikwa, na sauti ya bibi ikianza hadithi: nani kati yetu hakuyapata? Nyumba ya Mswahili ilificha wanawake wake nyuma ya ukumbi na ua. Boma la Thimlich liliwakinga kwa ukuta wa mita tatu. Vifaa ni mbalimbali. Kusudio ni moja: stara, na usalama wa watoto.

Kitu kidogo kuliko vyote kilichopatikana humu ndicho kinachotuhusu zaidi. Katika uchimbuaji zilipatikana shanga za kioo ambazo hazikutengenezwa kando ya ziwa. Zilitoka mbali, kwa biashara. Na kioo cha namna hiyo kilipoingia Afrika ya Mashariki zama hizo, mlango wake mkubwa ulikuwa bandari za Pwani, ambako majahazi yaliyakimbilia maji ya Bahari ya Hindi kwa pepo za musimu. Hakuna aliyebeba shanga moja kutoka bandarini hadi Thimlich kwa miguu yake. Zilipita mkono kwa mkono, soko kwa soko, kwa watu ambao hawakujuana lakini waliaminiana kiasi cha kubadilishana bidhaa. Kabla ya reli na barabara, kabla ya mpaka na pasi, mwanamke wa huko alivaa shingoni kitu kilichopitia kwetu, au kwa watu kama sisi. Kisha sisi ndio tukasahau.

Kijiji kilichozama

Kutoka Thimlich tulielekea kaskazini, tukapita nchi ya Ndhiwa hadi mji wa Homa Bay, uliokaa ukingoni mwa ziwa chini ya kilima cha Asego, ambacho kimechongoka kama kofia ya mkeka. Mwenye wasaa zaidi atapita Hifadhi ya Taifa ya Ruma katika bonde la Lambwe, mahali pekee nchini Kenya wanapobaki swala wakubwa waitwao korongo. Sisi tulifuata barabara ya ufukweni hadi Kendu Bay.

Hapo karibu kuna ziwa dogo la duara, Simbi Nyaima, kijani na lenye chumvichumvi, ambalo wakati mwingine heroe hulijaza kwa rangi ya waridi. Wanajiolojia husema ni shimo la volkano. Wenyeji husema ni kijiji. Usiku mmoja, wanasimulia, kulikuwa na karamu, ngoma na vyakula tele. Akaja bibi kizee, mchafu na mwenye njaa, akaomba hifadhi. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha. Bibi kizee akamwambia aondoke na watu wake usiku ule ule. Mvua ikanyesha, ardhi ikadidimia, na kijiji kikawa maji. Simbi Nyaima ni kijiji kilichozama.

Hatuna haja ya kuisadiki hadithi hii kama tarehe ili tuisikie kama nasaha. Kumkirimu mgeni ni katika imani tuliyofundishwa. Na kule Kendu Bay tuliona kwamba fundisho hilo linaishi pande zote mbili.

Maana Kendu Bay ni mji wa Waislamu wa muda mrefu. Ulikuwa bandari ndogo ya ziwani, na wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu walifungua maduka huko, wakajenga, wakaoa. Msikiti wa zamani bado uko, na Waislamu wengi wanaoswali humo ni Waluo wa kuzaliwa. Hapo jirani, Kanyadhiang, ndiko alikozaliwa Onyango Obama, ambaye alisilimu na kuitwa Hussein. Mjukuu wake, Barack, akawa Rais wa Marekani kuanzia mwaka 2009 hadi 2017. Dunia nzima ililitamka jina la Hussein katika kiapo kile. Wachache walijua kwamba limetoka ukingoni mwa ziwa hili.

Tuliswali adhuhuri na alasiri pamoja, kwa ruhusa ya msafiri, upande wa wanawake. Baada ya swala mama mmoja wa makamo, mwenye buibui na lafudhi ya Kidholuo, alituuliza tumetoka wapi. Hakungoja jibu liishe, alitupeleka kwake. Tulikula ugali na sato wa kukaanga, na mboga chungu iliyopikwa kwa maziwa. Binti zake wawili ni waalimu, mmoja yuko Kwale. Akasema, kwa utani wa mtu aliyekwisha kulia na kumaliza, kwamba yeye naye alipopata habari ya Kwale aliuliza: huko Pwani kuna nini, ataishi na nani?

Bibi alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kisha wale wakongwe wawili wakaanza mazungumzo ambayo sisi hatukuingia: dawa za magoti, wakwe, bei ya sukari. Tulipoaga, mwenyeji alishika mkono wa mpwa wangu akamwambia kwamba Kendu Bay si mbali na Migori, na kwamba Ramadhani asifuturu peke yake. Bibi alisema erokamano, neno la shukrani alilofundishwa asubuhi, akalitamka vibaya, na akashangiliwa.

Usiku ule, Migori, alimwita mjukuu wake akamwambia arudishe barua ile mkobani. Hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba ukuta ameugusa, na watu amewaona.

Kwa familia itakayokwenda

Nenda kati ya Juni na Septemba, au Januari na Februari. Mvua za Machi hadi Mei huharibu njia ya Thimlich. Kodisha gari Migori au Homa Bay kwa siku nzima, na uondoke asubuhi mapema ili uyaone magofu kabla ya jua kali. Vaeni viatu vilivyofungwa. Nguo ndefu zifungwe vizuri, maana kuna miiba na milango ni myembamba.

Makavazi ya Taifa ya Kenya ndiyo yanayosimamia eneo hilo. Lipa kiingilio, chukua kiongozi wa mahali hapo, na umlipe haki yake; maelezo yake ndiyo nusu ya safari. Waambieni watoto kabla ya kushuka garini: msipande ukuta, msiondoe jiwe hata dogo.

Chakula kisikutieni wasiwasi. Karibu na misikiti ya mijini kuna hoteli za Waislamu, na ziwa lina samaki wa kutosha: sato, sangara na dagaa waitwao omena. Beba maji ya kunywa. Eneo hili lina malaria kwa wingi, basi chandarua na ushauri wa daktari ni lazima, hasa kwa mjamzito na mtoto mdogo. Watoto wasioge wala kucheza maji ya ziwani kwa sababu ya kichocho, na jioni wakae mbali na ukingo, kwani viboko hutoka majini kula nyasi.

Jiwe moja likiondolewa

Watafiti wamehesabu maeneo 138 yenye majengo ya mawe 521 ya aina hii katika nchi hiyo ya kando ya ziwa. Thimlich Ohinga ndiyo kubwa na iliyohifadhika kuliko yote. Mengine mengi yameporomoka: mizizi imepasua kuta, ng'ombe wamepanda juu yake, na watu wamechukua mawe kujengea. Hata Thimlich yenyewe iliwahi kuwa taabani. Mwaka 2000 shirika la World Monuments Fund liliiweka katika orodha yake ya maeneo 100 ya dunia yaliyo hatarini. Iliokolewa kwa kuwa wenyeji waliipenda, wazee walijua mawe hupangwaje, na mafundi wakaifanya kazi jiwe kwa jiwe.

Nasi tunalijua jambo hili. Pwani yetu ina magofu ambayo mawe yake yalibebwa mpaka hakubaki kitu cha kumwonyesha mtoto. Tofauti ni hii: ukuta wetu una chokaa, na chokaa huficha udhaifu kwa miaka mingi. Ukuta wa Thimlich hauna cha kuficha. Kila jiwe limekaa kwa sababu jirani yake amekaa. Ukichomoa moja la chini, la juu halina pa kuegemea, na baada ya mvua moja au mbili sehemu nzima hulala chini.

Nchi nayo imejengwa hivyo, kwa watu wasiofanana walioegemeana. Sura ya Al-Hujurat inatufundisha kwamba tuliumbwa mataifa na makabila ili tujuane. Na kujuana hakupatikani kwa kuhadithiwa barazani. Hupatikana kwa kwenda, kula pamoja, kuuliza, na kuwapokea wao wanapokuja kwetu. Yuko binti wa Kendu Bay anayefundisha Kwale. Yawezekana katika mtaa wako yuko mwingine, mwalimu au muuguzi au mpangaji wa chumba cha nyuma, ambaye watoto wako humwita "yule wa bara". Kabla hujapata nauli ya Migori, mlango wake uko karibu zaidi. Mgongee Ijumaa hii, na sahani mkononi. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa mawe yanayoshikana. Amin.